Kerezo la Zuhura

Kwa siku tatu mfululizo sikupata usingizi, na kilichoninyima usingizi ni meli ya mti yenye urefu wa dhiraa moja. Meli hiyo imewekwa ndani ya kabati la kioo katika shule yangu ya utotoni, ambako nimepangiwa kufundisha baada ya kupata cheti changu cha ualimu. Chini yake kuna kikaratasi kilichoandikwa jina langu kwa wino mweusi. Siku ya Alhamisi mwalimu mkuu, Mwingereza mpole mwenye sauti ndogo, aliniita akaniambia kwamba Jumatatu darasa la useremala litafunguliwa. Alitaka nisimame mbele ya wavulana, niishike meli ile, niwaeleze nilivyoiunda.

"Watakusikiliza wewe kuliko mimi," alisema. "Wewe ni mtoto wa Kariakoo kama wao."

Nikajibu, "Ndiyo, Bwana."

Sikuiunda meli ile. Aliiunda dada yangu Zuhura. Basi nikalala chali nikiyapanga maneno. Nikisema kweli, je, wataninyang'anya cheti? Nafasi yangu ya masomo niliipata kwa meli hiyo, na kazi nimeipata kwa masomo hayo. Ukiuondoa msingi, nyumba inabakije? Na wasiponinyang'anya kitu, si ndiyo vibaya zaidi, kwa kuwa itaonekana uongo wangu haukumdhuru mtu yeyote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja hahesabiwi? Je, nikisema "tuliunda pamoja"? Neno hilo "pamoja" nililigeuza usiku kucha kama mgonjwa anayegeuza mto. Kulipopambazuka nililichukia.

Baba hucheka akinisikia nikisema "enzi zetu". Husema sijafikia umri wa kuwa na enzi. Lakini ninyi mliokulia Kariakoo wakati mmoja nami mnajua kwamba enzi zetu zilikuwako, na zimekwisha. Soko lilikuwa jipya, harufu ya chokaa bado ikishindana na harufu ya papa mkavu. Mitaa ilikuwa mchanga mtupu, na adhuhuri tulivuka mbio kutoka kivuli hadi kivuli kwa sababu nyayo zilikuwa zinaungua. Asubuhi Mama alikaanga vitumbua, na kile cha kwanza, kilichoharibika umbo, kilikuwa haki ya mtoto aliyeamka mapema. Tulikula mihogo ya kuchoma iliyopakwa pilipili mpaka midomo ikavimba, kisha tukaenda kuomba maji nyumba yoyote, na hakuna aliyetuuliza sisi ni wa nani. Mvua za masika zilipolijaza bonde la Jangwani, hatukusema ni mafuriko. Tulisema bahari imetufuata nyumbani, tukaiteremkia na vyombo vyetu vya maganda ya nazi na vibao vya masanduku.

Watoto wa leo wananunuliwa motokaa za bati kule Uhindini. Unazungusha ufunguo, motokaa inakwenda hatua nne, inagonga ukuta. Ufunguo ukikatika, mtoto analia na motokaa inatupwa jalalani. Na vijana wenyewe, wenye umri ninaoukaribia kuuacha, wanasimama mbele ya duka la santuri tangu saa kumi hadi magharibi, kofia zimelazwa upande. Ukiwaonyesha kipande cha mninga na kipande cha mvule wanakuambia vyote ni kuni. Nawacheka sana, kisha natazama mikono yangu mwenyewe, laini, imejaa chaki, nanyamaza.

Baba alikuwa fundi wa kukereza. Kazi yake ilikuwa matendegu, ile miguu ya vitanda yenye mafundo na vishingo, na hapakuwa na harusi mtaani kwetu, Narung'ombe, ambayo kitanda chake hakikupita mikononi mwake. Kwa wale wasiowahi kuliona kerezo la Kiswahili, nitalieleza. Fundi anakaa chini barazani, miguu ameinyoosha mbele. Mti unashikwa katikati ya misumari miwili, kichwani na mkiani. Uta wenye ugwe wa ngozi unazungushwa mara moja kwenye mti, na fundi anauvuta na kuusukuma kama mtu anayepiga zeze, mti unazunguka huku na huku. Mkono wa kulia ndio unaovuta uta. Patasi inashikwa na mkono wa kushoto, na kidole gumba cha mguu kinaiegemeza isiruke. Nguvu iko kuliani, lakini akili yote, yaani kule kujua patasi izame kiasi gani, iko kushoto.

Nawaomba mlikumbuke hilo, maana Zuhura alikuwa mashoto.

Alinizidi miaka minne. Bibi yetu, mama yake Baba, aliuchukia mkono ule kama mtu anavyomchukia mgeni asiyeondoka. Wakati wa kula aliufunga kwa kitambaa. Aliupaka shubiri, akaupiga kwa mwiko, na kila mgeni aliyetutembelea alielezwa habari zake. "Mkono wa chooni huo," alisema Bibi, "na yeye anataka kuunyoosha kwenye wali wa watu." Zuhura alijifunza kula, kufagia, kutwanga na kusalimu kwa mkono wa kulia, vibaya, huku akilaumiwa kuwa mzito. Mafundi wote wa Kariakoo walihitaji miaka kuusomesha mkono wao wa kushoto kushika patasi. Zuhura alizaliwa nao umekwisha soma, na nyumba nzima ilikuwa inaushughulikia ili usahau.

Nilipotoka jandoni, Baba alinitengenezea kerezo dogo, ukubwa wa mbuzi ya kukunia nazi, ili nianze kazi ya ukoo kwa vitu vidogo: vigingi, vishikio vya visu, na pia za kuchezea watoto. Nilikuwa mbaya ajabu. Kila nikitaka kuvuta uta nilijiuliza kama pembe ya patasi ni sawa, nikijibu nilikuwa nimechelewa, na mti ulikuwa umegeuka. Patasi ilizama, kigingi kikaruka mpaka njiani.

"Mti hauhojiwi, Rajabu!" Baba alikuwa akipiga kelele. "Vuta! Unangoja ukupe ruhusa?"

Alasiri moja Baba alipokwenda msikitini, Zuhura aliliburuta kerezo dogo hadi uani. Alivaa suruali kuukuu ya kaki ambayo Baba alirudi nayo kutoka vita vya Mjerumani alipokuwa mchukuzi, akafunga kanga juu yake, akakaa chini akanyoosha miguu. Hapo ndipo penye aibu yenyewe, nisije nikaificha. Kerezo halina namna nyingine ya kulikalia, na mtoto wa kike hakai hivyo. Alivuta mara tatu kupima, kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuitoa mimi, kama kitambaa kipya kinachochanwa polepole bila kusita. Nyuzi za mti zilimwagika mapajani mwake. Akanipa pia ndogo, bado ina joto.

Baba alirudi akatukuta. Aliichukua pia ile akaizungusha mbele ya macho yake muda mrefu.

"Nani?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Baba alitazama mlango wa mbele, akatazama ua.

"Humuhumu uani," alisema. "Si barazani. Na mlango ufungwe."

Siku ile nilimpenda Baba kuliko siku nyingine yoyote. Ndiyo maana sijui hasira yangu kwake niipime vipi.

Mwaka uliofuata Zuhura alivunja ungo, wakamweka ndani. Hakutoka tena nje isipokuwa kwa kusindikizwa, naye ni yeye aliyekuwa akinishika mkono kwenda Kivukoni kutazama meli za moshi. Basi aliamua kuiunda moja, na macho yakawa yangu. Kila nikitoka shule nilikwenda ufukweni, nikafumba jicho moja, nikaipima meli kwa kidole gumba, nikahesabu milingoti, mashua na madirisha, nikakimbia nyumbani kabla hesabu haijanitoka. Zuhura alinihoji kupita mwalimu yeyote niliyempata baadaye.

"Dohani ya moshi imesimama wima au imelala?"

"Imelala nyuma kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kama Bibi anapotega sikio kwa umbea wa jirani."

Alicheka mpaka akaweka uta chini, kisha akaikereza dohani vilevile, na mpaka leo ukiitazama kabatini utamwona Bibi.

Alitumia miezi mingi. Dohani mbili, milingoti, roda za kupitishia kamba, ndogo kama punje za mahindi, na zile nguzo za ukingo, nyembamba kama mswaki, kila moja na kishingo chake. Kwa kila nguzo moja iliyosalimika, mbili zilivunjika. Hakulalamika. Alizikusanya zilizovunjika akampa Mama awashie moto.

Kosa moja lilikuwa langu. Aliniuliza meli ikoje chini ya maji. Sikuwahi kuona, na badala ya kusema sijui, nilisema ni bapa kama sinia. Akaamini. Masika yalipokuja niliipeleka Jangwani kushindana na wavulana wa mtaa. Ilielea mpaka nikahesabu kumi, ikalala ubavu mbele ya watu wote.

"Meli yenu imelewa!" walipiga kelele. "Mpe kahawa nahodha!"

Nilirudi nyumbani nalia, meli imelowa mikononi. Zuhura aliipangusa kwa kanga yake. Hakukasirikia maji wala wavulana.

"Mbona hukusema kuwa hujui?" aliniuliza. "Mdomo wako unaona tabu gani kusema hivyo?"

Alichonga upya tumbo la meli, akapachika vipande vya risasi chini, na tangu hapo haikulala tena. Mimi ndiye sikujifunza.

Shuleni kwetu wakatangaza maonyesho ya kazi za mikono. Mvulana atakayeshinda angepata nafasi ya kuendelea na masomo bila karo. Baba aliitazama meli, akanitazama mimi, akasema, "Peleka hiyo. Ukiulizwa, ni yako." Nilitazama upande wa chumba. Zuhura alikuwa mlangoni, nusu ya uso nyuma ya pazia. Hakusema peleka wala usipeleke. Alisema tu, "Usiishike kwa milingoti."

Siku ya maonyesho alikuja Bwana mkaguzi wa shule, mtu mrefu, masikio mekundu kwa jua. Alipita mikeka, akapita vikapu, akafika kwenye meli akachuchumaa. Alisema kwa Kiswahili chake cha kunyooka kwamba yeye pia huunda meli ndogo, siku za Jumapili, kwa kujifurahisha, na nyumbani kwake Uzunguni analo kerezo dogo la chuma la kukanyaga kwa mguu lililoletwa kutoka Ulaya. Alizigusa nguzo za ukingo moja baada ya moja kwa ncha ya kalamu.

"Nani amefanya hii?"

Mkono wa Baba ulikuwa begani mwangu.

"Mimi," nikasema.

Neno moja tu. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na sijakutana na neno lililofanya kazi kubwa hivyo kwa herufi chache.

Bwana alifurahi mno hata akataka kuja kuniona nikifanya kazi. Akaja kweli, Jumamosi, mchana kweupe, na mtaa mzima ukaja naye. Baba aliazima kiti. Kerezo dogo lilitolewa uani likawekwa barazani. Nilikaa, na kwa hofu niliyokuwa nayo nikashika uta kwa mkono wa kushoto na patasi kwa mkono wa kulia. Kinyume. Mafundi wenzake Baba, watu watano au sita waliosimama pale, waliona mara moja. Nikaona macho yao yanatafutana. Nikavuta, patasi ikarukaruka, mti ukatoka mabonde.

"Huyo anakereza au anakuna nazi?" alisema mmoja wao nyuma.

Watu wakacheka. Bwana akageuka akauliza wanasema nini.

"Wanamsifu, Bwana," Baba alijibu.

Bwana akaitikia kwa kichwa, akaandika katika daftari lake. Mtu huyu alikuwa na kerezo lake mwenyewe! Aliketi mbele ya mtoto aliyeshika patasi kwa mkono usiofaa, akaangalia mti unavyoharibika, akaandika kwamba mtoto ni mwoga mbele ya watu. Alikuwa amekwisha jua atakachokiona kabla hajavuka Mnazi Mmoja kuja kwetu. Na wale mafundi, waliomwona Zuhura tangu akitambaa, waliokuwa wanajua sauti ya kazi nzuri ikitoka nyuma ya ua wetu kila alasiri, hakuna aliyefungua kinywa isipokuwa kwa mzaha. Kama wangesema, mkono wa nani ungewapiga? Hakuna. Walinyamaza kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi na kahawa ilikuwa inakuja.

Jioni Baba alilifunga kerezo dogo kwa gunia akalipandisha darini.

"Sasa watu wanajua ni la Rajabu," alisema. "Wewe ukionekana nalo tutaaibika sote."

"Hata uani?" Zuhura aliuliza.

"Hata uani."

"Na mlango umefungwa?"

"Zuhura, basi."

Hakuuliza tena. Mimi nilipewa sanduku la zana kama zawadi, patasi saba mpya zenye mipini ya manjano, nami sikuzitumia hata moja. Nilikwenda masomoni na sanduku langu. Kabla sijarudi likizo ya kwanza, Zuhura alikuwa amekwisha olewa na mfanyakazi wa reli huko mtaa wa Gerezani, akalalia kitanda ambacho Baba aliyakereza matendegu yake kwa ufundi wake wote, kana kwamba hilo lingelipa.

Watu hupenda kusema hasira hupungua na miaka. Yangu imesoma pamoja nami. Nilipokuwa mdogo nilikuwa na haya tu. Nilipojifunza kupima pembe na kuandika insha ndipo nilipoelewa kilichofanyika: mkono uliopigwa kwa mwiko kwa kutofaa popote ulipata mahali pamoja duniani panapoufaa, tukapafunga kwa gunia. Nimemkasirikia Bibi, na amekwisha kufa. Nimemkasirikia Bwana mkaguzi, na amekwisha rudi kwao. Nimemkasirikia Baba, naye amezeeka, na kumkasirikia mzee anayetafuta kobazi zake kwa kupapasa ni kazi ngumu. Anayebaki ni yule aliyesema "mimi".

Basi Jumapili, baada ya kukosa usingizi siku ya tatu, nilikwenda Gerezani. Zuhura alikuwa uani kwake anasuka ukili wa mkeka, watoto wawili wanafukuza bata.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umekonda. Hulali?"

Nilimweleza yote. Nilieleza kuhusu kabati, kikaratasi, mwalimu mkuu, cheti. Nikaeleza hoja za kusema na hoja za kunyamaza, na hatari za kusema nusu. Ukili uliendelea kurefuka mikononi mwake. Nilipomaliza nikamuuliza yeye angependa nifanye nini.

"Umekuja kuniomba ruhusa ya kusema kweli?"

"Nimekuja kukuuliza, Dada."

"Siku ile uliposema 'mimi', ulikuja kuuliza?"

"Nilikuwa mtoto."

"Na mimi nilikuwa nani, bibi kizee?" Aliuweka ukili chini. "Kikaratasi chako kichome au kikaangie vitumbua, shauri yako. Unadhani nalala nikiwaza kikaratasi? Kila siku nasuka mikeka, na mkono huu unaniuliza kazi yake iko wapi. Mlinichukulia kerezo. Si meli. Meli ningeunda nyingine, na nyingine. Miaka yote hii unakuja hapa Idi kwa Idi, unakula pilau yangu, unaniuliza hali ya watoto. Hata mara moja hukuniuliza kama nalitaka."

Katika hoja zangu zote za siku tatu, kerezo halikuwamo. Nilikuwa nimefikiria jina langu, kisha jina lake, na nilidhani huo ndio ukomo wa jambo.

"Na shemeji atasemaje?" niliuliza, kwa sauti ndogo.

"Shemeji yako nimemuuliza tangu mwaka wa kwanza. Anasema mradi lisizibe njia ya chooni."

Jumatatu nilisimama mbele ya wavulana. Mwalimu mkuu aliketi nyuma, mguu juu ya mguu. Niliitoa meli kabatini, nikaiweka mezani, na nikasema, "Meli hii sikuiunda mimi. Aliiunda dada yangu, Zuhura binti Salumu, alipokuwa na umri wenu. Mimi nilisema uongo nikapewa zawadi yake." Mmoja wa mbele, mwenye meno makubwa, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, alikaaje?"

Darasa zima likaangua kicheko. Watoto wa miaka kumi na minne, na tayari walikuwa wanajua pa kucheka.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimevaa suruali nyeupe niliyoipiga pasi kwa nusu saa, nikakaa sakafuni penye vumbi la mbao, nikanyoosha miguu yote miwili, nikashika uta usiokuwapo kwa mkono wa kulia na patasi isiyokuwapo kwa mkono wa kushoto.

"Alikaa hivi," nikasema. "Na kila aliyecheka asimame anionyeshe alichokikereza yeye."

Hakusimama mtu.

Kipindi kilipokwisha mwalimu mkuu aliniambia, kwa upole wake ule, kwamba hayo yalikuwa mambo ya nyumbani, kwamba kitabu cha zawadi kimekwisha andikwa zamani, na kwamba kubadili kikaratasi kunahitaji idhini ya wakubwa. Angewaandikia. Na habari za kazi yangu tutazungumza. Nilikitoa kikaratasi chenye jina langu nikakichana mbele yake vipande vinne, nikamwambia mahali pale pakae patupu hadi wakubwa watakapojibu. Kama bado nina kazi, sijui.

Kutoka shule nilikwenda moja kwa moja Narung'ombe. Baba alikuwa barazani.

"Shikamoo, Baba. Nimekuja kuchukua kerezo dogo."

"Marahaba. La nini?"

"Nampelekea mwenyewe."

Alifahamu. Alitazama mtaa, kushoto na kulia, kama siku ile alivyotazama mlango.

"Watu watasema nini, Rajabu?"

"Nimekwisha waambia, Baba. Leo asubuhi, darasa zima."

Nilipoanza kupanda juu ya mtungi kuifikia dari, nikamsikia nyuma yangu, "Utalivunja ukilishusha hivyo. Ngazi iko uani." Hakusema lingine, wala hakunisaidia. Aliishika ngazi tu.

Nilijitwika gunia kichwani nikakatiza sokoni. Wakati wetu mtu akipita na mzigo wa ajabu kichwani, watoto kumi wangemfuata wakiuliza ni nini. Siku hizi wanatazama motokaa. Maganda ya nazi hayaelei tena Jangwani, na mafundi wa kukereza wamebaki wawili, maana matendegu ya kiwandani ni rahisi zaidi. Nilijisikia huzuni kwa hayo yote, kama mtu anavyostahili kuhuzunika. Lakini niseme kweli, nilihuzunika kidogo kuliko nilivyozoea. Enzi zetu zilikuwa tamu kwangu. Nilikuwa nakwenda Kivukoni nipendavyo. Siku nyingine tutakapokaa kukumbushana utamu wake, nawaomba tuwaulize na dada zetu walikuwa wapi.

Zuhura alilifungua gunia mwenyewe. Alipapasa misumari, akaipiga kwa kidole, akauinua uta, na ugwe ukakatika mkononi mwake kama uzi.

"Umeoza," alisema. "Rudi sokoni kanitafutie ngozi ya mbuzi. Nyembamba, si ile ya viatu."

"Sasa hivi?"

"Kwani ulitaka lini?"

Nikaenda.